Upanga wa Husari Haukuwa wa Dhahabu

Jamani, hebu tuambiane ukweli kuhusu hivi vitara vya Kihungari vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. (Kitara, kwa waliosahau, ni upanga uliopinda.) Unafungua picha: mpini unang'aa kama bangili ya harusi, bapa lina tai na maneno ya Kilatini, ala imebandikwa vito vya plastiki. Chini yake wameandika kwamba hii ni nakala kamili ya upanga wa mahusari, wale askari wa farasi wa Hungaria. Nakala ya nini? Hicho ni pambo lenye umbo la upanga.

Na kabla wenye pesa hawajaanza kunipigia makofi, ugomvi wangu SI na bei. Wapo wengine wanaoniudhi zaidi, wale wanaosema asiyeweza kununua kitara cha kale cha karne ya 18 bora akae na picha zake ukutani. Eti nakala ni aibu. Historia inawasuta hawa.

Mahusari walianza kuwa na jina wakati wa mfalme Matthias Corvinus, aliyetawala Hungaria mwaka 1458 hadi 1490. Kazi yao ilikuwa kupeleleza, kuvizia, kupiga na kuondoka kabla adui hajajipanga. Mwaka 1757 Jenerali András Hadik aliingia Berlin na kikosi chenye mahusari, akautoza mji fidia, akatoweka. Mnadhani vijana wale walibeba vito viunoni? Husari wa kawaida alipewa upanga na jeshi kama alivyopewa tandiko. Kitara cha Austria cha kielelezo cha mwaka 1803, alichobeba husari wa cheo cha chini, kina kinga ya mkono ya chuma tupu na mpini wa mbao uliovikwa ngozi. Vilitengenezwa kwa wingi, vyote vya namna moja, kwa ajili ya kazi. Dhahabu na feruzi zilikuwa za makabaila wakivaa kwa ajili ya kutawazwa wafalme na sherehe nyingine kubwa. Kwa hiyo anayenunua kitara rahisi kisicho na urembo yuko karibu zaidi na husari kuliko yule mwenye tai wa dhahabu bandia. Urahisi si kosa. Kosa ni kudanganya.

Na udanganyifu wenyewe uko mahali ambapo picha haionyeshi. Kwanza, chuma. Vingi vya hivi vya dola 50 au 60 ni chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na visu vya mezani. Kwa kisu kifupi hakuna neno. Kwa bapa refu kama mkono wa mtu mzima ni hatari, kwa sababu badala ya kupinda na kurudi, huvunjika. Wengi wenu mmeiona ile video ya muuzaji kwenye televisheni ya Marekani anayegonga upanga mezani kuonyesha uimara wake, ncha ikakatika na kumchoma mwenyewe. Tulicheka sana. Sasa fikiria ncha hiyo imeruka upande wa mdogo wako aliyekaa sebuleni anaangalia mpira.

Pili ni mkia, yaani sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini. Kwenye upanga wa kweli, mkia ni chuma kilekile cha bapa, mpana, umepita mpini wote na kufungwa mwishoni. Kwenye pambo, wameunganisha kijiti chembamba chenye nyuzi za skrubu. Uking'uta mara tatu, mpini unabaki mkononi na bapa linakwenda zake.

Halafu uzito. Kitara cha farasi cha Uingereza cha mwaka 1796, ambacho John Le Marchant alikibuni baada ya kuwaona Waaustria na vitara vyao vya Kihungari vitani, kina bapa la karibu sentimita 83 na uzito usiofika kilo moja. Siri yake ni unene: milimita 8 au 9 karibu na mpini, kisha bapa linapungua mpaka milimita 2 hivi kuelekea kwenye ncha. Mtengenezaji mvivu anakata bati la unene mmoja mwanzo mpaka mwisho, anakuuzia nondo. Ukiishika ndio unaamua kwamba watu wa zamani walikuwa na misuli ya ajabu. Walikuwa na mafundi tu.

Nakala ya heshima ya chuma cha kaboni kilichopashwa moto na kupozwa sawasawa hupatikana aghalabu kati ya dola 200 na 400. Si hela ndogo, najua. Lakini nakala hiyo inafanya jambo moja ambalo wapenda vya kale hawalitaji: unaweza kuizungusha, kuinoa, hata kuiharibu. Nani alikuruhusu kunoa upya kitara cha mwaka 1803 ili ukate chupa za maji? Wapo wanaofanya hivyo, na kila anayefanya anatupotezea kimoja ambacho hakirudi.

Mlioko Uingereza muwe macho. Tangu 2008 ni marufuku huko kuuza au kuingiza upanga wenye bapa lililopinda la sentimita 50 na zaidi, isipokuwa kwa sababu chache kama maigizo ya historia, au ukiwa umetengenezwa kwa mkono kwa njia za jadi. Yaani fundi wa bei ghali anapita, mwenye kipato kidogo anabaki kujieleza. Kwingineko ulizeni sheria na forodha kabla ya kulipa, si mzigo ukishafika.

Haya, mkimpata muuzaji mwandikieni hivi: uzito gramu ngapi, unene milimita ngapi kwenye mpini na ngapi kwenye ncha, chuma gani, mkia umefungwaje. Akikujibu kwa kukutumia picha nyingine ya tai, funga ukurasa.