Ditekta Inalia kwa Umeme, Migomba Inang'olewa Bure

Ndugu mkulima wa Maruku, anayekuja na ditekta kutafuta "rupia za Mjerumani" kwenye kibanja chako asikufanye mjinga. Kabla hajashika jembe, mwambie ainue sahani ya mashine hadi kiunoni, aitulize. Ikilia hapo hewani, huo ni umeme: nyaya za juu, transfoma, au simu yake mwenyewe mfukoni. Azime simu, apunguze ukali wa mashine, abadili masafa kama inaruhusu, asogee mbali na nguzo. Kelele zikipungua, mmeshajua zilikotoka.

Ikinyamaza hewani na kulia chini, bado si hela! Hapa hapa Katuruka watu waliyeyusha chuma takribani miaka 2,000 iliyopita, na mavi ya chuma yapo ardhini. Kuchimba mabaki hayo bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Na migomba je? Mizizi yake mingi iko juu juu, mibuni vilevile. Shimo moja la hawa jamaa linakata mizizi ya shina zima, na fidia hawalipi.

Akikataa jaribio la hewani, mpe kahawa ya kutafuna, umsindikize barabarani.