Mapenzi ya Kirk na Spock: Ujangili au Takhmisi?

Tamthilia ya televisheni ya Marekani, Star Trek, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1966 na 1969. Katika miaka ya 1970, baadhi ya mashabiki wake, hasa wanawake, walianza kuandika na kusambaziana, katika vijarida vya kujichapishia, hadithi zinazowafanya Kapteni Kirk na naibu wake Spock kuwa wapenzi.

Kwa nini wanawake wachague mapenzi ya wanaume wawili? Jibu la haraka ni ashiki. Joanna Russ, katika insha yake ya mwaka 1985, hakuikana ashiki hiyo, bali alisisitiza kiini chake: mapenzi ya watu walio sawa. Katika riwaya nyingi za mapenzi za wakati ule, mwanamke alisubiri kuchaguliwa. Kirk na Spock huchaguana.

Hata hivyo, usawa pekee hautoshi kuwa jibu. Tamthilia yenyewe iliwajenga wawili hao kuwa marafiki wa kufa na kuzikana, kisha ikanyamaza. Shabiki hulijaza pengo hilo, na msomaji apendaye wa jinsi yake hupata humo nafasi aliyonyimwa na televisheni.

Henry Jenkins, mwaka 1992, aliufananisha usomaji huo na ujangili. Sitiari hiyo ina kasoro: jangili huua, ilhali shabiki huiacha tamthilia hai. Afadhali takhmisi, ambamo mshairi huongeza mishororo yake katika beti za mwenziwe bila kuzifuta. Basi hadithi hizi zastahili kuhakikiwa kama fasihi, zipimwe kwa ubora wa nyongeza yake.