Kumpima Mzee kwa Penseli

Wako watu wenye haraka ya kupima. Wanataka kila mzee aliyefika miaka 65 apimwe akili kama anavyopimwa presha. Mimi nauliza: apimwe kwa kipimo cha nani?

Kipimo kilichoenea sana duniani ni kile cha alama 30 kilichotungwa Marekani na Folstein na wenzake mwaka 1975. Mzee huulizwa tarehe na majira, huambiwa atoe 7 katika 100, kisha 7 tena, hivyo hivyo mara tano, aandike sentensi, anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopandana. Kwa kawaida anayepata chini ya 24 hutiliwa shaka. Sasa mchukue bibi wa Machame ambaye hakukaa darasani hata siku moja. Anajua deni la kila mnunuzi wa ndizi zake, anajua ng'ombe yupi alizaa lini, na nani kamwoa nani katika ukoo mzima. Mpe penseli, atafeli. Hapo tumepima nini? Tumepima shule aliyonyimwa utotoni.

Hilo wapo waliolitambua. Huko huko wilayani Hai, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kifupi cha alama 15 kiitwacho IDEA. Mzee hupewa njiti za kiberiti apange umbo alilooneshwa. Huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja. Angalau hicho kinamjua anayepimwa.

Lakini kipimo si tiba. Mwaka 2020 jopo la Marekani linaloshauri juu ya kinga ya maradhi lilisema ushahidi hautoshi kuamua kama kuwapima wazee wote wasio na dalili kuna faida kuliko madhara. Marekani hiyo, yenye daktari wa kila kiungo! Nasi tuwapange wazee foleni kwenye zahanati yenye tabibu mmoja?

Sisemi tukae kimya. Wale wa "ni uzee tu" nao wananichosha. Uchunguzi wa wazee wa miaka 70 na zaidi uliofanyika Hai mwaka 2009 na 2010 ulikuta ugonjwa huu kwa takriban asilimia 6. Mzee aliyeanza kupotea njia ya shamba lake mwenyewe apelekwe kwa daktari, tena mapema, maana yako yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, kaswende, hata dawa anazomeza. Akikosa jina la ugonjwa, majirani watampa jina lao. Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu ya moshi wa kuni tu. Bibi anayezurura usiku asijue alipo atanusurika kwa lipi?

Kwa hiyo fedha za kununulia fomu za maswali zimfundishe muuguzi kumwuliza binti anayeishi na mzee: mwaka huu mama amebadilika nini? Kisha amwulize binti huyo yeye mwenyewe hulala saa ngapi.