Hata Asiyekunywa Atakufa, Lakini...

Mlevi ana jibu lake, msomaji: hata asiyekunywa atakufa. Kweli, na kufikisha miaka 90 ukilishwa uji kitandani si raha. Lakini pombe haipunguzi miaka ya uzeeni pekee. Ini huharibika kimyakimya. Likishanyauka, tumbo hujaa maji, macho huwa ya manjano, na mtu hutapika damu kabla kifungua mimba wake hajamaliza shule ya msingi.

Novemba 2000, pombe haramu yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Wengine walipona, ila wakapofuka. Hao waliishi. Waulize kama walichotaka ni miaka tu. Mimi (na chupa naijua vizuri) nataka kumwona mjukuu wangu, kwa macho yangu.