Fungueni Vyumba Hivyo!

Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba; Mlimani kilihamia mwaka 1964. Chama kilitoa vyumba vyake, hakikungoja majumba mapya.

Leo twaona vyuoni vyumba vimetiwa kufuli, viti vibovu vimerundikwa ndani, na wanafunzi wanajadiliana masomo ngazini na chini ya miembe! Twawauliza wakubwa: ufunguo anao nani? Ng'oeni madawati yaliyopigiliwa sakafuni. Wekeni meza za kuzungukwa na watu sita, ubao kila ukuta, na umeme wa kompyuta. Mwalimu apite akisikiliza, asihutubu tu. Kazi hiyo yawatosha seremala na fundi umeme. Mkopo wa ng'ambo wa nini? Na wanafunzi waulizwe kwanza.