Ukingo wa Ziwa Ndio Unaochagua Wakimbiaji

Safu ya MWENDO NA MAHALI
Na Anaeli Mshana

Maziwa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki husifiwa kwa mandhari yake na kwa ubaridi wa hewa yake, lakini jambo linaloamua kama mkazi wa kawaida ataweza kukimbia kando ya ziwa fulani ni jingine kabisa, nalo ni hali ya ukingo: umbo lake, udongo wake na mwenye mamlaka juu yake. Ziwa lenye kuta za mwamba huwaachia njia wapanda milima peke yao, na ziwa lililozungukwa na mashamba ya watu binafsi huwaachia wageni wa hoteli. Ziwa la watu wote, yaani la mzee anayetembea kwa ushauri wa daktari, la mama anayeanza mazoezi baada ya uzazi na la kijana anayejiandaa kwa marathoni, ni lile ambalo maji yake yamezungukwa na ukanda wa ardhi ya umma wenye njia ya miguu.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwa kulinganisha. Ngozi, ziwa la kasoko lililomo katika safu ya milima ya Poroto mkoani Mbeya (kasoko ni shimo linaloachwa na mlipuko au kubomoka kwa volkano), limezingirwa na kuta zinazokaribia kuwa wima, zenye kimo cha zaidi ya mita 200, hivyo mtu anayepanda kupitia msituni huishia juu ya ukingo, akatazama maji na kurudi alikotoka. Hayo ni mazoezi mazuri ya kupanda, ila si ya mtu ambaye magoti yake yameanza kulalamika. Naivasha nchini Kenya ina mwambao ulio tambarare katika sehemu nyingi, na kwa umbo ingefaa kukimbiwa na yeyote, lakini barabara iendayo upande wa kusini hupita nyuma ya mashamba ya maua na majengo ya kitalii, kiasi kwamba mkimbiaji anaweza kwenda kilomita nyingi akiwa na ziwa ubavuni bila kuliona, na pale anapolifikia hukutana na viboko wanaotoka majini jioni kutafuta malisho.

Duluti, iliyoko Tengeru, kilomita 14 hivi mashariki mwa jiji la Arusha, ina bahati isiyo ya kawaida. Ni ziwa dogo la kasoko, lenye eneo la kilomita za mraba 0.6 hivi, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,290 hivi juu ya usawa wa bahari, lisilo na mto mkubwa unaoliingia, kwani maji yake hutegemea zaidi chemchemi za chini ya ardhi na mvua. Pembeni yake umebaki msitu wa hifadhi, mwembamba lakini mnene, ambao ndani yake hupita njia ya miguu inayofuata ukingo, na mzunguko mmoja unazidi kilomita tatu kidogo. Nje ya msitu kuna mashamba ya kahawa, vyuo na makazi, na katika eneo hilohilo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliwahi kuwapo kambi ya wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, ambao makaburi ya baadhi yao yangali yanatunzwa Tengeru. Kwamba ukanda wa miti ulisalia katikati ya mahitaji yote hayo ya ardhi ni jambo la kushukuriwa, na ndiko uliko mzizi wa hoja ya makala haya.

Kabla ya kuifikia hoja hiyo, ni vyema kuondoa dhana moja inayoenezwa sana na matangazo ya utalii, ile inayodai kwamba kukimbia kando ya ziwa lolote la mlimani huimarisha damu. Hewa ya Tengeru ina oksijeni kwa uwiano uleule wa takriban asilimia 21 uliopo Dar es Salaam. Kinachopungua kadiri mtu anavyopanda ni kanieneo, yaani nguvu ya hewa inayousukuma mwili na kuipeleka oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye damu, na kwenye mwinuko wa Duluti kanieneo hiyo ni pungufu kwa takriban asilimia 14 ikilinganishwa na ya pwani. Upungufu huo unatosha kumfanya mgeni kutoka pwani ahisi pumzi ikimwishia mapema siku za mwanzo, lakini ni mdogo kuliko ule unaotafutwa na wanariadha wanaotaka figo zao zitoe kwa wingi homoni ya erithropoietini, ambayo huchochea uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu za damu. Kambi za mazoezi za namna hiyo kwa kawaida huwekwa kati ya mita 2,000 na 2,500, kama ilivyo Iten nchini Kenya, tena mwanariadha huishi huko kwa majuma, si kwa asubuhi moja ya Jumamosi. Thamani ya Duluti, kwa hiyo, haimo katika mwinuko wake. Imo katika kivuli, udongo laini, na umbo la duara.

Umbo la duara lina faida ambayo waandaaji wa njia za mazoezi huisahau. Katika njia iliyonyooka, mtu mwepesi na mtu mzito wakianza pamoja hutengana na hawaonani tena, na yule wa nyuma hulazimika kuamua mwenyewe ageukie wapi, uamuzi ambao kwa mtu asiyejua uwezo wake huja ukiwa umechelewa. Katika mzunguko mfupi kila mmoja hurejea palepale, ndiyo maana vikundi vya jogingi, ambavyo huchanganya watu wa umri na uzito tofauti, hufaidika zaidi na njia kama hii. Anayeanza anaweza kutembea mzunguko mzima huku akiingiza mchakamchaka wa dakika moja baada ya kila dakika tatu au nne, akitumia kipimo rahisi kinachopendekezwa na wataalamu wa mazoezi: kasi inayofaa ni ile inayomruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Baada ya majuma kadhaa vipande vya kukimbia hurefushwa, vya kutembea hupunguzwa, na njia inabaki ileile, jambo linalomwezesha mtu kuyapima maendeleo yake bila kifaa chochote.

Mkimbiaji wa kati, yaani yule anayeweza kukimbia dakika 40 mfululizo bila taabu, huizunguka Duluti mara mbili au tatu, kisha huongeza barabara za vumbi za mashambani pale anapotaka umbali zaidi. Linalostaajabisha ni nafasi ya wanariadha hodari, hasa katika mkoa wa Arusha, ambao umelea wakimbiaji wa kiwango cha juu tangu siku za Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Njia ya msituni haiwafai kwa kazi ya kasi, kwa kuwa mizizi inayokatiza njia humlazimisha mtu kutazama miguu yake, na kona za mara kwa mara humvunjia mwendo. Kwa vipindi vya kasi wanahitaji uwanja au barabara, na kwa milima wanazo njia zinazopanda kutoka Tengeru kuelekea Akheri kwenye miteremko ya Meru. Ziwani huja siku ya mbio za kurejesha nguvu, ambazo ni mbio za polepole za makusudi zinazofuata siku ya mazoezi mazito. Hapo ndipo bingwa na mwanafunzi wa juzi hukutana kwa mwendo mmoja, na yawezekana hakuna darasa bora zaidi kwa anayeanza kuliko kuona jinsi bingwa anavyojizuia.

Tahadhari zake ni chache na za wazi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo wa volkano uliolowa huteleza kama sabuni, na kutegua kifundo cha mguu kwenye mzizi uliofichwa na majani ni rahisi. Kukimbia wawili wawili kunafaa zaidi, kwani msituni aliyeanguka haonekani kwa haraka.

Tukirudi sasa kwenye hoja ya ukanda wa umma, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za maziwa, mito na bahari. Lengo lake ni kulinda maji na viumbe, wala haitaji mkimbiaji, lakini pale inapotekelezwa huacha ukanda ambao, ukitumiwa kwa miguu tu, hauudhi chochote kinacholindwa. Halmashauri zenye maziwa zingepaswa kuutazama ukanda huo kama mali ya afya ya umma, badala ya kuusubiri hadi mtu ajenge ukuta ndipo zianze kuandikiana barua.

Kwa Duluti yenyewe, kikwazo kinachobaki ni geti. Kiingilio cha hifadhi ni cha haki, kwa sababu msitu hautunzwi kwa maneno, ila mfumo unaomhesabu kila anayeingia kuwa mtalii haumfai anayehitaji kuja mara tatu kwa juma mwaka mzima, naye ndiye ambaye shinikizo lake la damu lingeshuka kwa kuja hivyo. Kadi ya mwaka kwa wakazi, yenye bei ambayo mwalimu au fundi ataimudu, pamoja na geti linalofunguliwa alfajiri kabla ya saa za kazi, vingeongeza idadi ya watumiaji bila kuongeza jengo hata moja. Vigingi vya mbao kila nusu kilomita, vikionyesha umbali uliokwisha kukimbiwa, vingekuwa gharama ya mwisho, na ya kwanza kuonekana.