Gongoni: Safari ya mgonjwa kabla ya kufika mlango wa dharura

KATIBA ya Kenya iliyoidhinishwa mwaka 2010 haikutumia maneno mengi kuhusu suala hili. Kifungu cha 43 kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa mkazi wa Gongoni, katika kaunti ndogo ya Magarini, Kaunti ya Kilifi, uzito wa ahadi hiyo hupimwa kwa jambo moja: muda unaopita tangu mgonjwa anapoanguka hadi anapompata mhudumu mwenye ujuzi na dawa mkononi.

Malalamiko kuhusu vitengo vya dharura katika hospitali za umma nchini hayakuanza leo. Wagonjwa na jamaa zao hulalamikia foleni ndefu, maneno makali ya baadhi ya wahudumu, vitanda vinavyolaliwa na wagonjwa wawili, na kutumwa nje kununua glavu na dawa ilhali mgonjwa yu taabani. Malalamiko hayo yana msingi na yanastahili kusikizwa.

Hata hivyo, ukiifuata safari ya mgonjwa kutoka Gongoni utabaini kwamba foleni ya hospitali ni ya mwisho miongoni mwa foleni tatu anazolazimika kupanga. Mara nyingi, hatima yake huwa imekwisha kuamuliwa katika zile mbili za kwanza, ambako hakuna daktari wala muuguzi wa kulaumiwa.

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchunguzi kuhusu vifo vya akina mama wajawazito katika nchi maskini. Walieleza kwamba ucheleweshaji unaoua huja kwa awamu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika kwenye kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mfumo huo sasa hutumiwa kuchunguza dharura za kila aina, na Gongoni yaweza kusomwa kwa mwanga wake.

Ucheleweshaji wa kwanza hutokea nyumbani. Gongoni ni mji wa chumvi, wakulima na wavuvi. Mashamba ya chumvi yametanda kando ya bahari kuanzia hapo kuelekea Ngomeni, Marereni na Kurawa. Mwaka 2005, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu uzalishaji wa chumvi Magarini, na ripoti yake ya mwaka 2006 ilitaja mazingira duni ya kazi miongoni mwa malalamiko ya wakazi. Kwa kibarua anayelipwa kwa kazi ya siku, kumkimbiza mtoto hospitalini kuna gharama mbili: nauli anayoitoa na ujira anaoukosa.

Hofu ya gharama ina historia. Serikali ilianza kuwatoza wananchi ada katika vituo vya umma mwaka 1989 chini ya mpango wa kugawana gharama. Mwaka 2004 ada hizo zilipunguzwa hadi Sh10 katika zahanati na Sh20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 zikafutwa katika ngazi hizo mbili. Aidha, huduma za kujifungua katika hospitali za umma zilitangazwa kuwa bila malipo mwaka huo huo wa 2013. Lakini mtu aliyewahi kuuza mbuzi ili kumtoa jamaa yake hospitalini hasahau kwa sababu ya tangazo la redioni. Husubiri kwanza aone kama homa itashuka.

Mfano wa nyoka unaonyesha hatari ya kusubiri huko. Katika maeneo ya mashamba na vichaka ya pwani, moma na koboko huwauma wakulima, wachungaji na watoto. Sumu ya koboko inaweza kumkatia mtu pumzi katika muda wa saa chache. Hata hivyo, wengi huanza kwa kufunga kamba, kuchanja jeraha kwa wembe au kwenda kwa mganga, hatua ambazo wataalamu wanasema huongeza madhara na kupoteza muda.

Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwiba huu wa watu maskini kwenye orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Huko Watamu, kusini mwa Malindi, kituo cha Bio-Ken kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980 kimejulikana kwa miaka mingi kwa kutoa ushauri na msaada kwa walioumwa na nyoka. Kwamba msaada huo umetegemea kwa kiasi kikubwa hisani ya watu binafsi ni fundisho tosha kuhusu nafasi ya dharura hii katika mipango ya umma.

Ucheleweshaji wa pili ni wa barabarani. Gongoni iko kaskazini mwa Malindi, katika barabara inayoelekea Garsen na Lamu. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Malindi, akipitia Mambrui na kuvuka daraja la mto Sabaki. Kwa gari zima, hiyo si safari ya kutisha. Taabu huwa kwa anayetoka bara, upande wa Marafa au Adu, ambako barabara za udongo huwa tope mvua inaponyesha na ambako usiku gari la kukodi ni adimu.

Pengo hilo limezibwa na boda boda. Mgonjwa hupakatwa katikati ya dereva na jamaa yake, kichwa kikining'inia. Kwa mama mwenye uchungu wa uzazi hayo ni mateso. Kwa aliyevunjika shingo au uti wa mgongo, safari yenyewe inaweza kumpoozesha. La kusikitisha ni kwamba pikipiki hizo hizo ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya majeruhi wanaofurika katika vitengo vya dharura nchini.

Wala safari haiishii Malindi kila mara. Anayehitaji huduma zilizo juu zaidi hupewa rufaa hadi hospitali ya kaunti mjini Kilifi, umbali wa kilomita 60 hivi, au Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, kiasi cha kilomita 120. Novemba 2023, mvua za El Nino zilipokata barabara ya Malindi na Mombasa kwenye daraja la Mbogolo, iligeuka bayana kwamba uhai wa mgonjwa wa kaskazini mwa Kilifi unategemea madaraja kama unavyotegemea madaktari.

Ni hapa ambapo sheria inafaa kutazamwa kwa makini. Mnamo Oktoba 2015, taifa lilishtuka majeruhi wa ajali ya barabarani alipokaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 jijini Nairobi, akisubiri kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hatimaye alifariki. Kisa hicho kilitokea miaka mitano baada ya Katiba kuahidi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilijaribu kuziba mwanya huo. Kifungu chake cha 7 kinasema matibabu ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na kupanga rufaa pale ambapo kituo hakina uwezo. Taasisi inayokataa kumtibu mgonjwa wa dharura ilhali ina uwezo inaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni.

Tatizo liko katika maneno hayo ya mwisho: ilhali ina uwezo. Sheria inamwadhibu anayefunga lango. Haimgusi aliyeacha kituo bila oksijeni, bila damu, bila dawa ya sumu ya nyoka au bila mhudumu wa usiku. Kituo kisicho na kitu hakina hatia, na kadiri kinavyozidi kukosa vifaa ndivyo kinavyozidi kuwa salama mbele ya sheria.

Kwa hivyo mgonjwa wa Gongoni anaweza kunyimwa matibabu ya dharura bila mtu yeyote kumkatalia. Muuguzi amempokea vizuri, amempima, amempa pole na kumwandikia barua ya rufaa. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na bado mgonjwa amefia njiani.

Basi ni nani wa kuulizwa? Jibu limo katika Katiba yenyewe. Jedwali la Nne linaorodhesha majukumu ya serikali za kaunti, na miongoni mwake imetaja kwa jina vituo vya afya vya kaunti na huduma za ambulensi. Tangu ugatuzi uanze kutekelezwa mwaka 2013, gari la kumbeba mgonjwa kutoka Gongoni si hisani ya mbunge wala ya mfadhili. Ni wajibu wa kaunti, sawa na dawa na mishahara ya wauguzi.

Ucheleweshaji wa tatu ndio unaoonekana na kila mtu, yaani ule wa hospitalini. Hospitali ya Malindi haihudumii wakazi wa mji huo pekee. Uzito wa mzigo wake ulionekana na dunia nzima kuanzia Aprili 2023, manusura waliodhoofika kwa njaa walipotolewa katika msitu wa Shakahola na kupelekwa huko, huku chumba chake cha maiti kikijaa miili iliyofukuliwa hadi Shirika la Msalaba Mwekundu likaleta kontena la baridi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu huo. Katika siku hizo, wanaojifungua, walioumia barabarani na watoto wenye malaria hawakuacha kufika.

Katika ukumbi uliofurika hivyo, jambo la kwanza la kuokoa maisha ni kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, si kwa saa waliyofika. Kaunti ya Kilifi ina ushahidi wake. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi na kuchapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia zaidi ya watoto 8,000 waliolazwa. Zaidi ya nusu ya waliofariki walikufa katika saa 48 za kwanza, baadhi yao hata kabla ya saa nne kupita. Mtoto wa namna hiyo hawezi kusubiri zamu yake nyuma ya watu 30 wenye kikohozi.

Upangaji huo, hata hivyo, una upande wake wa pili ambao hospitali nyingi hazijaushughulikia. Mtu aliyeteguka mguu na kusubiri saa tatu huku wengine wakipitishwa mbele yake huenda amehudumiwa kwa haki kabisa. Lakini hakuna aliyemweleza. Anachokiona ni watu waliofika baada yake wakiingia kabla yake, na katika nchi iliyozoea kujuana na kutoa kitu kidogo, hitimisho lake ni kwamba amedharauliwa au kuna waliohonga. Muuguzi mmoja mlangoni, mwenye kazi ya kupima, kupanga na kueleza, anaweza kupunguza vifo na malalamiko kwa wakati mmoja.

Isitoshe, wahudumu nao ni binadamu. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na kabla mwaka 2017 kumalizika wauguzi nao walikuwa wamegoma kwa miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Kila mara, wa kwanza kuumia ni mgonjwa wa dharura asiye na pesa za hospitali ya kibinafsi.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina maalumu ya dharura na maradhi sugu, na kuanzia Oktoba 2024 mamlaka mpya, SHA, ikachukua nafasi ya NHIF. Hiyo ni hatua ya kuungwa mkono. Lakini hazina hulipia huduma iliyotolewa. Haiwezi kulipia ile ambayo haikuwepo, wala kumfidia aliyekata roho kabla ya kuvuka Sabaki.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya nusu ya vifo katika nchi za kipato cha chini na cha kati hutokana na hali ambazo huduma bora ya dharura ingeweza kuzikabili. Sehemu kubwa ya huduma hiyo haihitaji majumba ya ghorofa. Inahitaji kituo cha afya kinachofanya kazi saa 24, chenye oksijeni, dawa za kuzuia damu na degedege, jokofu la dawa, na mhudumu aliyefunzwa kumtuliza mgonjwa kabla ya kumsafirisha. Inahitaji ambulensi inayolala kaskazini mwa mto, yenye mafuta na dereva, pamoja na nambari ya simu ambayo kila mwendeshaji boda boda anaijua kwa moyo.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti ya kila kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Katika vikao hivyo, barabara na majengo hupigiwa kelele kuliko kitu kingine chochote kwa sababu huonekana. Ni nadra mtu kusimama kuuliza ambulensi ya upande wake hulala wapi usiku, au dawa ya sumu ya nyoka iko kituo gani.

Wahenga walinena kwamba chelewa chelewa utampata mwana si wako. Kwa miaka mingi methali hiyo imeelekezwa kwa wazazi wanaokawia kumpeleka mtoto hospitalini. Umefika wakati ielekezwe pia kwa wanaoandika bajeti, kwani mzazi wa Gongoni anayeamua mapema, saa nane za usiku, bado atasimama kando ya barabara akisubiri taa za gari ambalo hana hakika kama litakuja.